MBIVU NI IPI NA MBICHI NI IPI? NYANYA ZA KIJANI KATIKA BUSTANI YA NYUMBANI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Methali hii tumeiandika sote katika insha tangu shule ya msingi, wengine wetu bila hata kufikiri. Lakini je, ukivumilia wee mpaka mbivu ikaoza mtini kwa sababu ulidhani bado ni mbichi, tutakuita mvumilivu au mjinga? Hayo ndiyo yaliyotupata kwetu, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Katika makala haya nataka kueleza juu ya nyanya ambazo zikiiva hubaki za kijani. Nitaeleza kwa nini haziwi nyekundu, utajuaje kwamba zimeiva, na uchague aina gani ukitaka kupanda katika bustani ya nyumbani. Sisemi juu ya zile nyanya mbichi ambazo watu huchuma mapema ili zifike Nairobi zikiwa ngumu. Nasema juu ya nyanya iliyoiva kabisa, laini, tamu, yenye maji, na rangi yake bado ni kijani.

JINSI TULIVYOZIPATA

Kwetu ni Mwea, Kirinyaga. Watu wengi wanajua Mwea kwa mchele, lakini nyanya nazo hulimwa sana huku. Sisi hatuna shamba kubwa. Tuna bustani nyuma na mbele ya nyumba, na ile ya mbele imepakana na njia ya watu waendao stendi ya matatu. Mama hupanda nyanya za Cal J na Rio Grande. Nyingine tunakula, nyingine anamuuzia mama mboga wa sokoni. Pesa hizo ndizo hunilipia chakula cha mchana, kwa kuwa shule yetu ni ya kutwa na asiyelipa hubaki darasani wenzake wakienda kupanga foleni na sahani.

Shida yetu ilikuwa wizi. Nyanya za mbele zikianza tu kuona wekundu jioni, asubuhi hupati hata moja. Muhula mmoja nilikosa chakula cha mchana kwa wiki tatu kwa sababu ya mikono ya watu wasiojulikana. Mama alikata tamaa akasema sehemu ile ataipanda majani ya ng'ombe.

Shangazi yangu hufanya kazi ya bustani katika nyumba moja huko Tigoni, Limuru. Alipokuja Krismasi alituletea mbegu zilizokunjwa ndani ya kipande cha gazeti, juu yake ameandika kwa kalamu "Green Zebra". Alisema tu kwamba ni nyanya nzuri sana. Hakueleza zaidi, nasi hatukuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini siku hiyo hakuna aliyeikumbuka methali hiyo.

Tukasia mbegu, tukapata miche saba. Ilikua mirefu kunishinda mimi. Ikazaa nyanya zenye milia, mmoja wa kijani kilichokolea na mwingine wa kijani chepesi. Tukangoja ziwe nyekundu. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, wapi! Zikaanza kuanguka zenyewe na kuoza. Baba akasema ni ugonjwa. Mama akasema ni nyanya tasa, akang'oa miche sita akaitupa katika shimo la mbolea. Mche wa saba ulinusurika kwa sababu ulikuwa umejificha nyuma ya mgomba karibu na jikoni.

Hapo ndipo nyanya yangu alipoingia katika habari hii. Kumradhi msomaji, Kiswahili chetu kimetupa neno moja kwa mama wa baba na kwa tunda la kupikia. Sisi wanachama tunajua kuzitofautisha kwa ngeli, kwamba nyanya ameketi na nyanya imeoza. Lakini ili nisikuchanganye nitamwita cucu, kama tunavyomwita nyumbani.

Cucu ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Haoni rangi vizuri, hata nguo huchagua kwa kupapasa. Siku moja alitoka kutafuta nyanya ya kutia katika mboga, akapapasa ule mche wa nyuma ya mgomba, akachuma mbili. Akakata moja, akatia chumvi, akaanza kula.

Mama akapiga kelele, "Mama, hiyo ni mbichi! Utaumwa na tumbo!"

Cucu akajibu bila kuacha kutafuna, "Mbichi gani? Wewe umeangalia, mimi nimeshika."

Tukaionja. Kumbe ilikuwa imeiva zamani! Ilikuwa na utamu na ukali kidogo kama wa limau, na maji tele. Mama hakusema neno. Alitoka akaenda kusimama kando ya shimo la mbolea akatazama mle ndani. Tulikuwa tumetupa chakula cha mwezi mzima, huku tukinunua nyanya kibandani mbili kwa mbili.

KWA NINI HAZIWI NYEKUNDU?

Baada ya aibu hiyo nilimuuliza mwalimu wa Biolojia, nikasoma vitabu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Nyanya yoyote ikiwa changa ni kijani kwa sababu ya klorofili, ile rangi ya majani ambayo hunasa mwangaza wa jua. Nyanya ya kawaida ikianza kuiva, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Kwanza, klorofili huvunjwavunjwa mpaka ikaisha. Pili, tunda hutengeneza rangi nyekundu iitwayo laikopeni. Kijani kinatoka, nyekundu inaingia, nasi tunasema imeiva.

Katika nyanya za kijani mambo hayo mawili hayafanyiki. Jeni inayosaidia klorofili ivunjwe ina kasoro, na jeni inayohusika na kutengeneza rangi nyekundu nayo ina kasoro. Zingatia kwamba kasoro ni mbili. Nyanya yenye kasoro ya kwanza peke yake hupata wekundu juu ya kijani kilichobaki, basi huwa ya hudhurungi au zambarau iliyofifia, kama ile iitwayo Cherokee Purple. Yenye kasoro ya pili peke yake huwa ya manjano. Zikikutana zote mbili katika tunda moja ndipo unapata nyanya iliyoiva na bado ni kijani.

Mwaka 2008 wataalamu walichapisha habari za jeni hiyo ya klorofili katika nyanya. Cha kushangaza ni kwamba ni ya ukoo mmoja na jeni iliyofanya baadhi ya njegere za Gregor Mendel zibaki za kijani badala ya kuwa za manjano. Mendel alichapisha utafiti wake mwaka 1866, na watahiniwa wa Kidato cha Nne wanamsoma mpaka leo.

Lakini kazi nyingine za kuiva haziharibiki. Sukari huongezeka, nyama ya tunda hulainika, harufu hutokea, na mbegu hukomaa. Nyanya changa huwa na kitu kichungu kiitwacho tomatini, na hicho nacho hupungua sana tunda linapoiva. Kwa hivyo mtu asikutishe kwamba unakula sumu. Rangi peke yake ndiyo iliyokataa kubadilika.

Nafikiri hata lugha yetu ilitudanganya kidogo. Rangi yenyewe tunaiita kijani kibichi! Ukishasema kibichi, nani atakumbuka kushika?

DALILI ZA KUIVA

Mtu akitaka kuchagua aina ya nyanya za kijani, jambo la kwanza si ukubwa wala utamu. Ni hili: je, nyanya hiyo itaniambia kwamba imeiva? Nyingine husema kwa sauti, nyingine hunong'ona. Dalili ni hizi:

1. Kushika. Bonyeza polepole kwa kidole gumba. Mbichi ni ngumu kama jiwe. Mbivu hubonyea kidogo na kurudi. Hii ndiyo dalili ya cucu na ndiyo bora kuliko zote.

2. Rangi ya chini. Nyanya haigeuki nyekundu, lakini aina nyingi huonyesha umanjano. Hapa inafaa ujue kwamba ngozi ya nyanya ina rangi yake mbali na nyama. Kuna aina zenye ngozi ya manjano, na kuna zenye ngozi isiyo na rangi. Ya ngozi ya manjano ikiiva huonekana kama imepakwa asali nyembamba. Ya ngozi isiyo na rangi hubadilika kidogo sana, na anayeanza huhangaika nayo.

3. Kikonyo. Mbivu ukiiinua kidogo hukatika yenyewe katika kifundo cha kikonyo. Mbichi hung'ang'ania.

4. Kisu. Ukiwa na shaka, kata moja. Katika mbichi, kisu hukata mbegu katikati. Katika mbivu, mbegu huteleza ndani ya ute na kisu hakizipati.

5. Kuhesabu siku. Andika tarehe uliyopandikiza. Green Zebra huanza kuiva baada ya siku 75 hadi 80 hivi, kulingana na baridi au joto la mahali. Sisi tungekuwa tumeandika tarehe, tusingengoja mpaka zikaoza.

UCHAGUE AINA GANI?

Aina hizi ni nyingi, lakini nitataja nne ambazo habari zake ni wazi.

Green Zebra, yaani punda milia wa kijani, ni kazi ya mkulima Mmarekani Tom Wagner, aliyeanza kuiuza mwaka 1983. Nyanya moja ina uzito wa gramu 60 hadi 90, ukubwa wa kutosha kiganjani. Sifa yake kubwa ni milia. Ikiiva, milia iliyokolea hubaki ya kijani lakini ile myepesi huwa ya manjano, basi hata mtu wa mbali akijua anachotafuta ataona. Ladha yake ina ukali kidogo. Kasoro yake ni kwamba huoza kitako upesi kama maji yanakuja leo na kukosekana wiki nzima. Kwa anayeanza, mimi naisifu hii kwanza.

Green Grape ni ya Tom Wagner pia. Ni ndogo kama zabibu kubwa, huzaa vishada vingi, na ikiiva huwa na kijani chenye umanjano. Mche wake si mrefu sana, kwa hivyo inafaa hata wenzetu wa mjini wanaopanda katika ndoo au gunia. Watoto huipenda kwa sababu inatiwa mdomoni nzimanzima.

Cherokee Green ni kubwa zaidi, moja yaweza kufika gramu 250 na kupita. Ngozi yake ni ya manjano, basi ikiiva hupata ile rangi ya asali niliyotaja. Wanaoijua huisifu kwa ladha. Ni ya mtu mwenye nafasi na miti ya kusimikia.

Aunt Ruby's German Green ilitunzwa na ukoo wa mama aliyeitwa Ruby Arnold huko Greeneville, Tennessee, Marekani. Hii ndiyo mzee wa kazi, moja yaweza kukaribia nusu kilo. Ni tamu sana, lakini ina matatizo matatu. Dalili yake ya kuiva ni wekundu mdogo tu wa waridi hapo kitakoni, ambao ni rahisi kutouona. Ngozi yake hupasuka mvua ikizidi. Tena huchelewa, na hailali siku nyingi jikoni. Usianze na hii. Ianze ukishazoea kushika.

Kwa ufupi, chagua kwa mambo manne: dalili ya kuiva, nafasi uliyo nayo, mvua ya kwenu, na kile unachotaka kupika. Ukiwa na nafasi ndogo chukua ya tunda dogo. Mahali penye mvua nyingi epuka tunda kubwa. Na kama ni kachumbari unayoipenda, Green Zebra haina mpinzani.

KUPANDA NA KUTUNZA

Hapa sitakaa sana kwa sababu utunzaji ni ule ule tunaosoma katika Kilimo. Mbegu huanzia kitaluni, na miche hupandikizwa ikiwa na umri wa mwezi mmoja hivi. Achanisha miche kwa sentimita 60. Tia samadi iliyooza vizuri. Usipande mahali palipotoka viazi, pilipili au biringanya, kwani hao ni ndugu wa nyanya na huachiana magonjwa udongoni.

Green Zebra na zile kubwa haziachi kurefuka, basi zisimikie miti mapema na kuondoa machipukizi ya kwapani. Mwagilia kwa kipimo kile kile, asubuhi, chini kwenye shina wala si juu ya majani, kwa maana majani yakilowa bakajani huja mbio. Rangi ya kijani haimzuii mdudu wa Tuta, yule aliyeingia Kenya mwaka 2014. Yeye hatazami rangi, anatoboa tu.

Jambo moja ni la lazima: weka alama. Usichanganye miche ya kijani na ya nyekundu mstari mmoja. Mdogo wangu alipojua kwamba kijani huliwa, alienda akachuma Cal J tano changa, akazitema zote kwa uchungu. Sasa mistari yetu ya kijani ina kipande cha bati chenye jina.

NA SOKONI JE?

Ndugu msomaji, sitakudanganya. Sokoni hazinunuliwi. Mama alimpelekea mama mboga wake kikapu kimoja, wakazozana nusura urafiki uvunjike. "Mama nanii, miaka yote hii unaniletea nzuri, leo unaniletea mbichi?" Hata alipokatiwa moja akaonja na kuikubali, alisema, "Ni tamu, lakini nani atasimama hapa nimkatie kila mtu?" Alisema kweli. Mnunuzi hununua kwa macho.

Tena zina shida yake jikoni. Hazitii mchuzi wekundu. Baba alipoona maharagwe yamekaa meupe aliuliza kama nyanya zimekwisha. Dawa yake ni kuchanganya na nyekundu moja, au kutia karoti na manjano kidogo.

Lakini tazama hesabu ilivyokuja. Mama alipanda Green Zebra kumi na mbili upande wa mbele kando ya njia, na zile nyekundu akazihamishia nyuma ya nyumba. Wapita njia wanaangalia zile za mbele, wanaona mbichi, wanaenda zao. Sisi tunakula za mbele. Kwa kuwa tunakula za mbele, zile nyekundu za nyuma haziguswi na sufuria yetu, zinaenda sokoni karibu zote. Nyanya zisizouzika ndizo zilizofanya zinazouzika ziwe nyingi. Muhula huu sijakosa chakula cha mchana hata siku moja.

Basi usiache mbachao kwa msala upitao. Nyekundu ni za soko, kijani ni za nyumbani. Atakayezipanda ekari nzima akitarajia utajiri, asije akanilaumu.

WEKA MBEGU ZAKO

Aina zote nne nilizotaja si chotara, maana yake mbegu yake huzaa mfano wake. Mbegu za chotara kama Anna F1 ukizipanda tena hupati kitu kile kile. Hizi za kijani hazipatikani katika kila duka la pembejeo, kwa hivyo ukipata pakiti moja itunze.

Chagua tunda zuri kutoka kwa mche wenye afya, uliache liive mpaka lilegee. Kamua mbegu na ute wake katika kikombe, ongeza maji kidogo, acha siku mbili au tatu mpaka ute uoze na kunuka. Osha, mwaga zinazoelea, kausha kivulini juu ya sahani. Funga katika karatasi na uandike jina la nyanya, tarehe, na maneno haya kwa herufi kubwa: HUIVA IKIWA KIJANI. Shangazi angeandika maneno hayo matatu, miche sita ingekuwa hai.

TAMATI

Cucu ameandikiwa kupasuliwa jicho la kulia, nasi tunamwombea heri. Lakini yeye mwenyewe anasema akishaona vizuri ataendelea kuchuma nyanya kwa mkono, kwa sababu macho yamedanganya watu wengi katika nyumba hii. Mpaka sasa yeye ndiye mchumaji mkuu. Sisi wenye macho tunashika kikapu.

Watu wa njiani wamezoea kumuuliza mama, "Mbona nyanya zako haziivi?" Naye huwajibu, "Bado, bado kidogo." Wewe msomaji umekwisha kujua mbivu na mbichi. Kama unapita njia ile ukienda stendi, tafadhali usimwambie mtu.